Rangi bila picha: mhariri ananiuliza "kijani gani?" Niandikeje?

Karatasi_Tupu aliuliza:

Habari zenu wadau.

Naandaa orodha ya vielelezo vitakavyohifadhiwa kabatini: mawe, majani makavu, vipepeo na vipande vya vitambaa. Kila kimoja kinapata maelezo ya mistari mitatu au minne, na picha hakuna. Kwenye umbo na vipimo sina shida. Kazi inarudishwa kwenye rangi. Mifano ya nilivyoandika:

"Jiwe la kijani lenye madoa mekundu."
"Kitambaa cha bluu nzito, kimefifia kidogo."
"Kipepeo wa bluu inayong'aa, chini kahawia."

Pembeni mhariri kaandika: kijani gani? Nzito vipi? Kimefifia kutoka wapi? Nikaongeza "kama bahari" na "ya kupendeza", akakata vyote. Sasa nauliza: kuna utaratibu wa kueleza rangi hadi mtu aliye mbali apate ileile? Majina kama damu ya mzee na maji ya kunde yanafaa? Na zile nambari za kompyuta zinazoanza na alama ya reli (#), niziweke au niziache?

---

Ukolezi alijibu:

Mkuu, hapo pa "nzito" mhariri ana haki. Watu hulitumia neno hilo kwa mambo mawili: rangi iliyokaribia weusi, na rangi iliyokolea. Bluu ya anga la usiku na bluu kali ya kifuniko cha kalamu zote utasikia zinaitwa nzito, na hazifanani hata kidogo. "Nyepesi" nayo ina ugonjwa uleule. Zifute zote mbili kwenye orodha yako.

Kila rangi ina mambo matatu, na kila moja liandikwe peke yake.

La kwanza ni aina yake na upande inakoegemea. Rangi zimekaa kwa duara: nyekundu, chungwa, njano, kijani, bluu, zambarau, kisha nyekundu tena. Kwa hiyo kila moja ina majirani wawili tu. Kijani huegemea njano au bluu, hakiegemei nyekundu. Ukihisi kina wekundu ndani yake, ama ni madoa, ama kitu chenyewe ni kijivu au kahawia. Tazama upya.

La pili ni weupe wake. Tumia hatua kumi: 0 nyeusi kabisa, 10 nyeupe kabisa. Kadi ya kijivu ya wapiga picha, ile inayorudisha asilimia 18 ya mwanga, jicho huiona iko karibu na katikati, yaani 5. Kukisia weupe, fumba macho nusu. Rangi itapungua nguvu na tofauti ya mwanga na giza itabaki wazi.

La tatu ni ukolezi, yaani umbali wake kutoka kijivu chenye weupe uleule. Hapa maneno tunayo ya kutosha: imekolea, ya wastani, imepauka, karibu na kijivu.

Utaratibu huu aliuchapisha Albert Munsell, mchoraji na mwalimu wa sanaa wa Marekani, mwaka 1905, na mpaka leo unatumika. Kwake yeye 5G 4/6 ni kijani cha katikati kisichoegemea popote, weupe 4, ukolezi 6. Kipimo cha ukolezi hakina kikomo kimoja kwa rangi zote. Njano hukolea sana ikiwa na weupe mkubwa, karibu 8. Bluu inayoegemea zambarau hukolea ikiwa na giza. Ukiipeleka njano gizani huipati "njano nzito", unapata rangi ya zeituni, na wengi wataiita kijani. Vivyo hivyo kahawia: ni chungwa lililoingia giza. Ndiyo maana "kahawia" tupu haimwambii msomaji kitu. Sema inaegemea nyekundu, njano au imepaukia kijivu.

Jinsi ya kutazama:

Weka kielelezo juu ya karatasi ya kijivu isiyong'aa. Kaa karibu na dirisha mchana, pasipopigwa na jua moja kwa moja, taa zote zimezimwa. Ukuta wenye rangi au shati jekundu ulilovaa humwaga rangi juu ya kielelezo, hasa kikiwa cheupe. Tazama kwa sekunde chache, halafu pumzisha jicho kwenye kijivu. Ukikodolea nyekundu kwa nusu dakika, kitu utakachokitazama baadaye kitakuwa na ukijani usio wake.

Kwa vitambaa, swali la "kimefifia kutoka wapi" lina jibu ndani ya kitambaa chenyewe. Fungua pindo au tazama chini ya mshono, pale mwanga na maji havikufika sana. Andika rangi ya ndani kwanza, kisha ya nje. Neno "kimefifia" bila rangi ya mwanzo ni dhana yako tu.

---

Tabaka_la_Juu alijibu:

Nakubaliana na Ukolezi. Naongezea upande wa mawe, maana huko makosa ni mengi.

Andika hali ya uso. Jiwe au udongo ukilowa, weupe hushuka na rangi huonekana imekolea zaidi. Watu wa udongo huandika vipimo viwili, mkavu na mbichi, kwa mfano, kwa namba za Munsell, 10YR 5/4 ukiwa mkavu na 10YR 3/4 ukiwa na unyevu (YR ni kati ya njano na nyekundu). Hiyo ni rangi ya bonge lilelile. Asiyeandika hali amemwachia msomaji kubahatisha.

Jiwe livunje kama unaruhusiwa, kisha andika rangi ya uso mpya na ya gamba la nje kila moja kivyake. Gamba linaweza kuwa na kutu ya chuma wakati ndani ni kijivu. Kama ni madini, kwaruza kwenye kigae cha kauri kisichopakwa ng'ao, uandike na rangi ya mstari unaobaki. Hematiti, madini ya chuma, inaweza kuwa kijivu cha kung'aa kama chuma, lakini mstari wake ni mwekundu unaoelekea kahawia. Pairiti ina ung'avu wa shaba ya njano, mstari wake ni mweusi unaoelekea kijani. Rangi ya mstari hubadilika kidogo sana kati ya kipande na kipande, kwa hiyo ndiyo ya kuaminika.

Sasa "madoa mekundu". Doa linahitaji rangi yake, ukubwa, wingi na ukingo. Kwenye udongo, kwa kipimo cha Marekani, machache ni chini ya asilimia 2 ya uso, ya wastani ni 2 hadi chini ya 20, mengi ni 20 na kuendelea. Madogo hayafiki milimita 2, ya kati ni 2 hadi chini ya 5, na makubwa huanzia 5. Ukingo ni mkali au unayeyukia kwenye rangi ya jiwe. Si lazima ufuate mipaka hiyohiyo, ila chagua mipaka na usiibadilishe katikati ya orodha.

Na usifanye kazi hii jioni. Mwanga ukipungua, jicho hupoteza wekundu kwanza wakati bluu na kijani bado vinaonekana. Jan Purkyně alilieleza jambo hili tangu karne ya 19. Mchana jicho huhisi zaidi mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 555 hivi, gizani hushuka hadi karibu 507. Doa jekundu la weupe 3 utaliandika jeusi na utaapa ni jeusi. Miwani ya jua nayo uivue, ingawa hilo najua unalijua.

---

Reli_Sita alijibu:

Kuhusu nambari: ziweke, lakini pembeni ya maneno, zisichukue nafasi yake.

Nambari ya reli ina jozi tatu: nyekundu, kijani, bluu, kila jozi kuanzia 00 hadi FF. Hatua 256 kwa kila moja, jumla rangi milioni 16.7 hivi. Tatizo ni kwamba haielezi kitu, inaelekeza skrini iwake vipi. Skrini yako ikiwa imepunguzwa mwanga au imewekwa hali ya usiku, #2F5D50 yako na yangu ni mbili. Ukiandika nambari, taja kuwa ni ya sRGB, kanuni ya kawaida ya rangi za skrini, vinginevyo haina mwenyewe.

Usitumie majina ya kompyuta kama majina ya rangi. Kwenye kurasa za wavuti jina "gray" ni #808080, na "darkgray", ambalo ungetarajia liwe na giza zaidi, ni #A9A9A9, yaani jeupe zaidi. "Green" ni #008000, ilhali kijani kilichowashwa mpaka mwisho, #00FF00, kinaitwa "lime". Ni urithi wa orodha mbili zilizounganishwa bila kupatanishwa.

Nambari yenyewe unaipata wapi? Wengi hupiga picha kwa simu na kugusa nukta moja. Simu hurekebisha rangi kivyake, na nukta moja inaweza kuwa kivuli cha uzi. Weka kadi ya kijivu ndani ya picha, rekebisha picha mpaka kadi iwe kijivu kisicho na rangi (jozi zote tatu sawa), kisha chukua wastani wa eneo la angalau upana wa kidole. Hapo nambari ina maana.

Ukipata kifaa cha kupimia rangi, andika L*a*b*, mfumo wa CIE (tume ya kimataifa ya mwanga) wa mwaka 1976. L* ni weupe, 0 hadi 100. a* chanya ni upande wa nyekundu, hasi ni kijani. b* chanya ni njano, hasi ni bluu. Taja na mwanga uliotumika kukokotolea, D50 au D65 (mianga sanifu ya mchana), maana namba hubadilika.

Kadi za viwandani nazo ni msaada. RAL ya Ujerumani ilianza 1927 na ina tarakimu nne: ya kwanza ni kundi, kwa mfano 3 nyekundu, 5 bluu, 6 kijani, 7 kijivu. Pantone, tangu 1963, huongeza herufi: C ni wino kwenye karatasi yenye ng'ao, U isiyo nayo. Namba ileile yenye C na yenye U hazifanani kwa jicho, kwa hiyo ukiacha herufi umeacha nusu ya jibu. Kadi zenyewe hupauka zikikaa kwenye mwanga. Andika toleo la kadi.

Kwa vitambaa ongeza hili: vipande viwili vinaweza kulingana kabisa dirishani na kuachana chini ya taa, kwa sababu vimetiwa dawa tofauti zinazorudisha mwanga kwa namna tofauti. Ukiandika "rangi moja na kile cha kwanza", sema ni moja kwenye mwanga gani.

---

Kalamu_Kavu alijibu:

Reli_Sita, kwa mtu anayesoma maandishi tupu #2F5D50 ni sawa na namba ya simu. Orodha ya Karatasi_Tupu itasomwa na watu kabla ya mashine. Mfano wa kitu kinachojulikana bado una kazi yake, shida ni kuchagua kitu.

Bahari ni mfano mbaya kwa sababu hubeba rangi ya anga, kina na mchanga wa chini. Kwa siku moja inapita bluu, kijani na kijivu. "Kama jani" ni mbaya, jani changa na jani kongwe la mti mmoja havilingani. Kiini cha yai hufuata chakula alichokula kuku, kinaanzia njano iliyopauka hadi karibu na chungwa. Damu ikiwa mbichi ni nyekundu kali, ikikauka inageuka kahawia. Ukitumia vitu vya namna hii, funga hali yake: "damu iliyokauka", "jani la juu lililokomaa".

Vitu vyenye rangi thabiti ni vichache zaidi: salfa, chaki, mkaa, madini ya risasi yaliyokatwa muda huohuo kabla hayajafubaa. Patrick Syme, mchoraji wa Edinburgh, mwaka 1814 alipanga rangi zilizotajwa na mwanajiolojia Mjerumani Abraham Werner, na kila rangi akaitafutia mfano wa mnyama, wa mmea na wa madini kadiri alivyoweza kupata. Charles Darwin alitumia orodha hiyo kwenye safari ya Beagle, 1831 hadi 1836. Mbinu ni nzuri kwa sababu mifano miwili au mitatu inabanana: kinachofanana na yote ni eneo dogo.

Damu ya mzee tumia, wasomaji wataelewa mwelekeo: nyekundu yenye giza. Lakini wengine huifikisha kwenye zambarau na wengine kwenye kahawia, kwa hiyo ongeza upande inakoegemea. Maji ya kunde iache. Imezoeleka kwa ngozi ya mtu na ndani yake kuna weusi na weupe wa kila kiasi. "Nyeusi tititi" na "nyeupe pe" zitunze kwa kitu kilichofika mwisho wa kipimo kweli. Mkaa wenye vumbi si tititi. Kurudia neno, kama "kijanikijani", kunafaa pale rangi ni chembe tu juu ya nyingine: "kijivu, kijanikijani".

Na angalia jirani. Michel Eugène Chevreul, mkemia aliyesimamia utiaji rangi kwenye karakana ya Gobelins, Paris, aliletewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zimekosa nguvu zikifumwa karibu na bluu. Akazichunguza: rangi yake haikuwa na kasoro. Bluu ya pembeni ndiyo iliyokuwa inazibadilisha machoni. Alichapisha kazi yake 1839. Kwa madoa yako mekundu juu ya kijani, jicho linazidisha zote mbili. Chukua karatasi ya kijivu, toboa tundu dogo, tazama doa peke yake, kisha tazama jiwe peke yake.

---

Karatasi_Tupu aliandika:

Asanteni sana wakuu. Kipepeo amebaki. Nikimgeuza, bluu inakuwa ya urujuani, nikimgeuza tena inazima kabisa. Niandike ipi?

---

Bawa_la_Nyuma alijibu:

Zote, pamoja na pembe.

Bluu ya namna hiyo mara nyingi haitokani na rangi iliyomo ndani ya bawa. Inatokana na matabaka membamba kwenye magamba yake, yanayorudisha mawimbi fulani ya mwanga na kuacha mengine. Ndiyo maana hubadilika ukigeuza, na ndiyo maana haipauki haraka kama rangi ya kawaida. Kwa vipepeo wa jenasi ya Morpho, ukidondoshea alkoholi bawa hugeuka kijani, kwa kuwa kimiminika kimechukua nafasi ya hewa kati ya matabaka. Likikauka bluu inarudi. Usijaribu kwenye kielelezo chako.

Weka bawa bapa, dirisha mbele yako, taja rangi ukitazama kutoka juu kabisa, kisha ukiwa umeinamisha bawa nyuzi 45 hivi. Andika pia pembe ambayo bluu inazima, na rangi inayobaki baada ya kuzima, kwa kawaida kahawia au nyeusi. Hiyo ndiyo rangi ya ndani. "Inayong'aa" ni neno bovu hapa kwa sababu linabeba mambo matatu: ng'ao ya kioo, ng'ao ya chuma na rangi inayogeuka. Chagua moja.

Majani makavu: andika tarehe ya kuchumwa na tarehe ya kutazamwa. Klorofili, ile inayolipa jani ukijani, huharibika na kijani huelekea kahawia hata ndani ya kabati, na kwenye mwanga ndiyo haraka zaidi. Pande zote mbili za jani ziandikwe, chini mara nyingi weupe ni mkubwa na ukolezi ni mdogo.

Na kabla ya yote fanya kipimo cha macho. Kati ya wanaume wenye asili ya Ulaya kaskazini, karibu mmoja kwa kila 12 hutofautisha nyekundu na kijani kwa shida, na wengine hawajui. Kama ni wewe, mpe mtu mwingine asome safu ya rangi.

---

Karatasi_Tupu aliandika:

Macho yako sawa, yalipimwa. Nimejaribu upya, nirekebisheni:

"Jiwe: kijivu, kijanikijani kinachoegemea bluu, giza 4, karibu na kijivu tupu, uso mpya, mkavu. Gamba la nje kahawia inayoegemea nyekundu, giza 3. Madoa mekundu yanayoegemea chungwa, giza 3, ya wastani kwa ukolezi. Milimita 2 hadi 4, asilimia 5 hivi ya uso, ukingo mkali."

"Kitambaa: ndani ya pindo bluu inayoegemea zambarau, giza 2, imekolea. Nje giza 5, imepauka. Kwenye mikunjo giza 8. Hakina ng'ao."

"Kipepeo: juu ya mabawa bluu, giza 5, imekolea sana, ng'ao ya chuma, kwa nyuzi 45 inaelekea urujuani, ikizima hubaki kahawia yenye giza 2. Chini kahawia inayoegemea njano, giza 4, imepauka, mistari krimu."

---

Tabaka_la_Juu alijibu:

Hii mhariri hataigusa sana. Rekebisha moja: usiandike "giza 8" kwa mkunjo uliokaribia nyeupe. Namba zinapanda kuelekea nyeupe, kwa hiyo iwe "weupe 8", na "giza" zote nyingine zenye namba nazo ziwe "weupe", vinginevyo atakayesoma kipande kimoja tu atageuza kipimo kizima.

Mistari ya kipepeo ikose upana? Weka milimita, na useme ni mingapi kwa kila bawa. Krimu nayo ipe weupe wake. Ni njano iliyopauka ya 9 hivi.

Masharti yanayofanana, yaani mwanga wa dirishani, karatasi ya kijivu, vielelezo vikavu, kipimo cha 0 hadi 10, yaandike mara moja juu ya orodha. Kwenye kielelezo kimoja kimoja taja tu pale ulipokwenda kinyume.